Akiba Ambayo Haikuwa Yangu

Voi,
Jumamosi, alasiri.

Mwanangu Mghoi,

Niwie radhi kwa kimya changu. Kwa wiki tano nimekaa nawe meza moja, nimekula chakula ulichokipika, nimeitikia salamu zako za asubuhi, na bado sijakuambia neno moja la maana tangu ilipofika ile barua ya chuo cha mafundi wa ndege. Ulinisomea ukiwa umesimama mlangoni na miguu yako haitulii. Nikasema, "Vyema," kisha nikarudi kwenye gazeti. Baadaye nilimsikia mama yako akikuambia jikoni, "Mwache. Babako ni chuma, kikishika moto hakipoi upesi."

Juzi nilisikia jingine. Nilikuwa nje ya dirisha nikifunga waya wa kuanikia nguo, nawe ukamwambia, "Ningekuwa mvulana angechinja mbuzi." Nilitaka kuingia ndani nikujibu. Sikuingia. Kama ungekuwa mvulana ningenyamaza vivyo hivyo, na ni haki yako kujua kwa nini.

Leo mmekwenda Wusi kumuaga nyanya yako, na nyumba imebaki na mimi peke yangu. Kesho jioni utapanda gari moshi. Mambo ya blanketi, sabuni, kufuli la sanduku, na jamaa wa kuwasalimu huko Nairobi, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na la kufuli amelisema mara nne. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, nalo ni langu.

Utakumbuka kwamba uliniletea barua yako ya maombi kabla ya kuipeleka posta, ili niitazame kama kuna makosa. Uliniletea mimi kwa sababu tangu ulipoanza shule umeniona nikishika kalamu nyekundu, na umenisikia nikiwaeleza watu jinsi walimu wetu wa misheni walivyotuchapa kwa nukta iliyopotea. Barua ilikuwa nzuri. Nilisahihisha alama mbili. Lakini kulikuwa na sentensi moja katikati, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Baba yangu, fundi mkuu wa kiwanda cha mkonge, ndiye aliyenifundisha kwamba hakuna vyuma viwili vinavyolingana kabisa, na kwamba fundi mwema huanza kazi yake kwa kukumbuka hilo."

Niliisoma mara mbili, nikaiacha ilivyo. Chuo kilikuita kwenye usaili, na ulipotoka ulituambia kwamba waliizungumzia sentensi ile kuliko alama zako zote za hesabu. Na sentensi ile si kweli. Aliyelijua jambo hilo ni Mwandoe.

Je, unamkumbuka Mwandoe? Ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipoondoka. Yule mrefu wa Kasigau, aliyekuwa akikuletea ukwaju ndani ya kofia yake, na mama yako akigomba kwa sababu ya kofia. Tulikuambia kwamba amerudi kwao. Hilo ni kweli. Utaona katika barua hii kwamba nimesema mambo mengi ya kweli maishani mwangu.

Tuliajiriwa mwaka mmoja, yeye na mimi. Mimi nilikuja na cheti, yeye alikuja na mikono. Mashine ya kusaga mkonge unaijua: majani huingia upande mmoja yakiwa mabichi, gurudumu kubwa lenye visu butu huyaponda na kuyakwangua, maji huosha, na upande wa pili zinatoka nyuzi. Gurudumu hilo ni refu kuliko wewe. Lina visu kumi na viwili, na kila kisu kina uzito kama wa mtoto mchanga. Kinapolika hutolewa, na kipya hufungwa kwa bolti mahali pake. Visu vipya vilikuja kwa meli, vimepangwa ndani ya sanduku kama samaki, vyote na namba moja, vyote vimepakwa grisi.

Mara ya kwanza tulipofungua sanduku pamoja, Mwandoe alivitazama, akavigonga kimoja kimoja kwa kidole, akasema, "Hii visu si ndugu."

Nikamwambia, "Visu hivi."

"Sawa, hivi. Si ndugu. Ni majirani tu."

Nikamfungulia kitabu cha mashine. Nikamwonyesha kwamba mtengenezaji amevipima vyote, na kwamba kila kimoja kimepita. Kitabu kilisema kisu kinaweza kuzidi au kupungua kidogo kuliko uzito uliotakiwa, na kidogo hicho kiliandikwa kwa namba. Mwandoe hakujua kusoma namba za kitabu, lakini alijua swali la kuuliza. "Bwana Kitabu," akasema, na tangu siku hiyo kiwanda kizima kiliniita hivyo, "huyu aliyezidi kidogo na huyu aliyepungua kidogo, wakikutana watasalimianaje?"

Alichukua mti mnyoofu wa mita moja hivi, akaufunga kamba katikati, akauninginiza kwenye boriti ya karakana. Upande huu akatundika kisu, upande huu kisu. Kisha akaniomba niushike mti usiyumbe, nikiambiwa "achia" niachie, naye akachuchumaa kutazama upande unaoinama. Kilichokuwa kizito alikitia alama ya mkaa. Tulikwenda hivyo mpaka tukavipanga vyote, kila kizito na mwenzake wa uzito huo, nao wakafungwa wakitazamana kwenye gurudumu, huyu upande huu na huyu upande wa pili. Kazi hiyo ilitula nusu siku. Mashine ilipowashwa, Mwandoe aliweka kiganja chake juu ya fremu ya chuma, kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema, "Amelala," kwa maana haikutikisika.

Miaka saba tulifanya kazi namna hiyo. Sikuiandika popote katika taratibu za karakana, kwa sababu kitabu hakikuitaja. Lakini niliushika mti. Nilikuwa nikinung'unika, naye alinitania. "Bwana Kitabu, leo kitabu kimesemaje? Mvua itanyesha Kasigau?" Nami nilimjibu kwamba kitabu kimesema afunge mdomo, asije akavipulizia visu na kuviongezea uzito. Sijacheka na mtu mwingine kazini tangu wakati huo, Mghoi. Watu hudhani kwamba ni tabia yangu.

Kisha bei ya mkonge ikapanda. Wewe ulikuwa mdogo, lakini labda unakumbuka malori usiku na mchana, na baiskeli mpya kila nyumba. Meneja wa wakati huo alinijia akataka mashine iongezwe mwendo. Nilikaa na kalamu siku mbili. Nilimpa jibu sahihi: tukibadilisha puli, gurudumu litazunguka kwa kasi zaidi, na bado tutakuwa chini ya kikomo cha mtengenezaji. Tulikuwa chini yake kidogo sana, lakini tulikuwa chini. Tukabadilisha puli.

Miezi michache baadaye bolti mpya zilichelewa Mombasa. Nilizitoa zile za zamani, nikazisafisha, nikazipima kwa geji moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelika, lakini geji ilizikubali. Nikazirudisha. Katika daftari niliandika kwamba zimepimwa na zimefaa, na hilo pia lilikuwa kweli.

La tatu ni lile la visu. Meneja aliuliza kwa nini kubadilisha visu kunachukua nusu siku hapa, na shamba jirani wanatumia saa moja. Nilijua sababu. Ningeweza kumpeleka karakana nikamwonyesha mti na kamba. Niliona haya. Mimi, mtu wa cheti, nimweleze Mzungu kwamba fundi wangu anapima mashine yake kwa ukuni na mkaa? Nikasema, "Tutarekebisha, bwana." Nikamwambia Mwandoe kwamba upimaji umekwisha, visu vimepita kiwandani kwao na vinatosha.

Aliniuliza jambo moja tu. "Umeuliza puli?"

Nikamwambia puli haiongei.

"Basi umeuliza bolti?"

Nikamwambia aende akafunge visu.

Nimekuwa na miaka minane ya kulifikiri swali lile, na nataka nikueleze nilichokielewa, kwa sababu unakwenda kufanya kazi kwenye mashine ambayo ikiharibika haiwezi kusimama kando ya barabara. Mtu anayetengeneza mtambo mkubwa anajua kwamba hawezi kutengeneza vipande viwili sawa. Anajaribu, lakini anajua. Moto wa tanuri haukuwa ule ule, mikono haikuwa ile ile, chuma hakikutoka shimo lile lile. Kwa hiyo huufanya mtambo uwe na nguvu kuliko haja yake. Ile nguvu inayozidi haja huitwa akiba ya usalama. Nilipokuwa kijana nilifikiri akiba hiyo ni zawadi kwa fundi mwenye akili, aitumie pale anapobanwa. Nilikosea. Akiba ile haikuwa yangu. Iliwekwa kwa ajili ya mambo ambayo aliyetengeneza hakuyajua na mimi sikuyajua. Sehemu yake ilikwisha kuliwa kabla sanduku halijafika Voi, na vile visu vilivyozidi kidogo na kupungua kidogo. Kisha mwendo ukachukua wake. Kisha bolti zikachukua wake. Nami nilipima kila jambo peke yake, nikaliona dogo, nikatia sahihi. Sikuwahi kuyaita yote matatu yakae chumba kimoja.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilikuwa ofisini. Tulikuwa tumefunga visu vipya jana yake kwa saa moja, na nilijivunia saa hiyo. Unajua kwamba mbele ya mashine husimama akina mama wanaolisha majani, na kwamba sakafuni kuna mstari mwekundu ambao hakuna ruhusa kuuvuka wakati gurudumu linazunguka. Mwandoe alikuwa nje ya mstari. Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa kwenye foleni ya majani alinisimulia baadaye kwamba alimwona ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akapiga kelele, "Ondokeni! Akina mama, ondokeni hapo!" Nao wakamcheka kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha. Mmoja akamwambia, "Leo umeota nini, baba?" Hakurudia. Alikimbia akauvuka mstari, kwa sababu mkono wa kuzimia mashine uko ndani ya mstari, kando ya gurudumu. Uko hapo hata leo. Aliuvuta. Injini ilikatika, lakini gurudumu lenye uzito ule halisimami kwa kuambiwa. Bolti zilikatika, kisu kikatoka, kikatoboa bati la kinga kama karatasi. Kilimpata mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Hospitali hawakuweza kuuokoa.

Akina mama saba walikuwa mbele ya mashine. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Niliandika ripoti mimi. Nakala yake ninayo, na nikiisoma sioni kosa la lugha hata moja. Niliandika kwamba visu vilikuwa vya mtengenezaji na vimepita vipimo. Niliandika kwamba bolti zilipimwa kwa geji. Niliandika kwamba mwendo wa gurudumu ulikuwa chini ya kikomo. Niliandika kwamba aliyeumia alikuwa ameuvuka mstari mwekundu mashine ikizunguka, kinyume cha kanuni. Kila sentensi ni ya kweli. Sikuandika kwa nini aliuvuka. Sikuandika mahali ulipo mkono wa kuzimia. Sikuandika aliloniuliza kuhusu puli.

Aliachishwa kazi kwa kosa lake mwenyewe. Nilipewa barua ya pongezi kwa utunzaji mzuri wa kumbukumbu.

Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alinitazama, akasema, "Akina mama wazima?" Nikamwambia wazima. Akasema, "Haya." Kisha akageukia ukutani, nami nikakaa kidogo nikiwa nimeshika kofia yangu, nikaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana.

Kutoka hapa mpaka Kasigau si mbali kwa mtu anayetaka kwenda. Kwa miaka minane nimesema barabara ni mbaya. Muuza asali mmoja wa huko huja Voi mara kwa mara, na mwaka juzi aliniletea salamu. "Mwandoe amesema nimsalimu Bwana Kitabu. Ameuliza, mashine inalala?" Nikamwuliza anaishije. Akaniambia ana mahindi yake chini ya mlima, na ndovu wakija usiku huwafukuza kwa kupiga debe kama watu wengine. "Lakini debe amelitundika mtini," akasema, "maana huwezi kulishika na kulipiga kwa mkono mmoja." Nilinunua asali ambayo sikuihitaji. Jibu la salamu sikulipeleka.

Sasa nikurudishe kwenye jambo unalolijua. Ulikuwa Kidato cha Pili, nami nilikuwa nimeitwa kwenye uwanja mdogo wa ndege hapa Voi kuwapelekea kifaa cha kunyooshea bomba. Ukaomba kunifuata. Palikuwa na ndege mbili ndogo za kuhesabia wanyama, za aina moja, rangi moja, na fundi mmoja kijana alikuwa ameng'oa mlango wa mojawapo. Wewe hukumsalimu hata. Ulimwuliza, "Huu mlango ukiupachika kwenye ile nyingine, utaingia?"

Akacheka. "Jaribu uone! Huu ni wa huyu. Wa yule hauingii. Wametoka kiwanda kimoja, wiki moja, lakini kila mmoja amepigwa tupa kivyake."

Nawe ukasema, "Kumbe hata ndege zina sura!"

Fundi yule alikupa tochi, akakuingiza chini ya bawa, akakuonyesha vipande vyembamba vya bati vilivyowekwa kujaza nafasi ambazo hazikulingana. Hukutoka humo mpaka jua likapungua. Tuliporudi nyumbani kwa miguu uliniuliza, "Baba, ulijua? Kwamba vitu vya kiwanda havifanani?" Ulikuwa unanitazama kwa macho ambayo baba hutazamwa nayo mara chache. Nikakujibu, "Nilijua." Kisha nikakueleza habari ya visu, na mti, na kamba, na mkaa. Nilikueleza vizuri sana. Jina la Mwandoe sikulitaja.

Ndiyo maana nimenyamaza wiki tano. Unakwenda kujifunza kazi hii kwa sababu ya jambo ulilolisikia kwangu, nami nililiiba kwa mtu niliyemkata mkono. Nilikuwa nikikutazama unapanga nguo zako na nikifikiri: akiondoka bila kujua, atajenga kila kitu juu ya sahihi yangu.

Tangu Mwandoe aondoke, nimevipima visu kila tunapovibadilisha. Nilimwambia meneja aliyefuata kwamba ni lazima, na hakubisha. Lakini upimaji ule ni wa watu wawili. Mmoja ashike mti, mmoja achuchumae atazame. Nimejaribu vijana wengi. Ni wazuri, wananiita mzee, wanaachia ninapowaambia waachie. Hakuna anayeniuliza swali. Mara nyingine ninachuchumaa pale, kisu kimeinama upande wa kushoto, na ninajikuta ninangoja mtu aseme kitu cha kipuuzi.

Sitaki kukupa mawaidha, kwani umeyasikia ya kutosha katika nyumba hii. Nitakuambia tu nilivyo mimi, nawe uchukue kinachokufaa. Mimi ni mtu ambaye hakudanganywa na uongo hata siku moja. Nilidanganywa na mambo ya kweli yaliyoandikwa kila moja kwenye ukurasa wake. Watakuja kwako watu wema, wenye haraka na wenye sababu. Mmoja atakuambia ni kidogo tu, atakuonyesha namba, na namba itakuwa sahihi. Mimi sikuwahi kumwuliza aliyetangulia alichukua kiasi gani. Na atakuwepo mtu fulani, pengine mfagiaji, pengine mwenye cheti kupita chako, ambaye ataweka kiganja juu ya chuma na kusema hakijalala. Mimi nilimsahihisha lugha.

Sasa nikueleze niliyoyafanya wiki hii, uyajue kabla watu wa hapa hawajakuandikia.

Jumatatu nilimweleza mama yako. Nilimkalisha, nikaanza mbali, kwenye puli. Alinisikiliza huku anachambua maharagwe. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza tangu lini.

"Mke wa Mwandoe aliniambia sokoni, mwaka ule ule. Alinishika mkono akaniambia, 'Mume wako anaandika vizuri.' Basi. Nikaenda nikauliza wale akina mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini ambacho hukijui? Nilikuwa nangoja ufike." Akamwaga maharagwe kwenye sufuria. "Umechukua miaka minane. Hata gari moshi la mizigo lina aibu kuliko wewe."

Jana asubuhi nilimpelekea meneja wa sasa ripoti mpya, kurasa nne. Nimeandika yote: mwendo, bolti, visu, saa moja, mkono wa kuzimia ulipo, akina mama saba, na maneno ya Mwandoe kuhusu puli kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Nimeomba ripoti ya zamani ifutwe na jina lake lisafishwe, na haki yake irudi kwake. Meneja ni kijana mstaarabu. Aliisoma akasema, "Mzee, mambo ya miaka minane? Umebakiza miwili ustaafu. Nyumba unayokaa ni ya shamba. Unajua wakubwa wakiisoma hii?" Nikamwambia ninajua. Akaniomba nimwachie Jumapili aifikirie kwa niaba yangu. Nikamwambia nimekwisha kuweka nakala yao posta.

Kwa hiyo huenda ukirudi likizo usiikute nyumba hii. Tutakuwa Wusi, kwenye shamba la nyanya yako, na utanikuta nikilima vibaya kwenye mteremko. Usihuzunike. Nitaikosa karakana, hilo sifichi. Nitakukosa wewe zaidi. Meza hii itakuwa ndefu. Asubuhi nitaamka kabla ya king'ora cha kiwanda, kama kawaida, na hakutakuwa na mtu wa kugongana naye mlangoni akiwa na mswaki mdomoni. Nilikuwa nikikukaripia kwa hilo.

Ukishapanda gari moshi, Jumatatu nitatafuta lori la kwenda Kasigau. Sijamtumia Mwandoe habari. Niliogopa kwamba nikituma salamu kwanza, nitazitumia hizo badala ya kwenda.

Najua nyanya yako leo amechukua maji kinywani, akakupulizia, na kuondoa kwa maneno kila hasira ya ukoo iliyoweza kukufuata njiani. Mimi, uliyenisikia nikiikemea kutasa, tambiko hilo la kupuliza maji, kuwa ni mambo ya kale yasiyomfaa Mkristo, nimeifikiri sana wiki hii. Wazee wetu walisema hasira iliyokaa moyoni mwa mtu aliyedhulumiwa hutoka yenyewe na kuumiza, hata kama mwenyewe hataki, mpaka siku atakapoitema. Sijui kama ni hivyo. Ninajua kwamba hasira ya Mwandoe, kama ipo, ni mali yake, na sina haki ya kumwomba aniondolee ili nilale vizuri. Sitaomba maji. Sitaomba hata kiti.

Nitafika uani kwake, nitatoa kofia, na nitamsomea kurasa zote nne kwa sauti, kwa kuwa yeye hasomi na ripoti ile ya kwanza hakuna aliyemsomea. Nitasoma nikiwa nimesimama. Nikimaliza nitakunja karatasi. Kuanzia hapo si juu yangu. Anaweza kuniambia niende zangu, na nitakwenda. Anaweza kuniambia niketi.

Yeye ndiye atakayeamua, Mghoi. Akishaamua, hata likiwa neno moja, nitakuandikia.

Baba yako.